Mtihani Usiotazama Njia

Mpwa wangu alipata A ya hisabati katika KCSE. Majuzi aliketi mezani kwangu kujipima kwa SAT, mtihani ambao vyuo vikuu vya Marekani huutumia kuwachuja waombaji, akainuka amenywea. "Mjomba, maswali yalikuwa rahisi, na nimeyakosa!"

Nikayatazama. Swali moja liliuliza: ikiwa 3(x + 4) = 33, x + 4 ni ngapi? Kijana alifungua mabano, akapata x ni 7, akachagua 7. Na kweli 7 ilikuwamo kati ya majibu manne, ikimngoja. Lakini hakuulizwa x. Angegawanya 33 kwa 3 tu, apate 11, asonge mbele.

Sisi tumelelewa kuonyesha njia. Karatasi ya KCSE yenyewe humwarifu mtahiniwa kwamba anaweza kupewa alama kwa hatua sahihi hata jibu likiwa na kosa. SAT haina huruma hiyo. Huku kwetu, nje ya Marekani, imefanywa kwa kompyuta tangu 2023, na kompyuta haisomi karatasi uliyokokotolea.

Hisabati ina maswali 44 kwa dakika 70, yaliyogawanywa mafungu mawili sawasawa. Hiyo ni kama dakika moja na nusu kwa swali. Fungu la kwanza ndilo la kuchungwa. Ukilifanya vizuri, kompyuta hukuletea fungu la pili lililo gumu zaidi, na alama za kukaribia 800 ziko huko. Ukilivuruga, utaletewa jepesi, na hata ukilipata lote hutafika juu kabisa.

Maswali mengi ni ya kuchagua jibu. Basi ukikwama, chukua majibu uliyopewa, uyajaribu moja moja ndani ya swali. Ukishindwa kabisa, bahatisha. Tangu 2016 jibu lenye kosa halikatwi alama, kwa hiyo pengo halina faida yoyote. Tena ndani ya programu ya mtihani mna kikokotoo kinachochora grafu: andika milinganyo miwili, utazame mistari inapokatana. Walimu wangu wa zamani wangenichapa kwa ushauri huu.

Vyuo vingi viliufanya mtihani huu uwe wa hiari wakati wa korona, lakini MIT, kwa mfano, kiliurudisha 2022. Kwa mtoto wa nyumba isiyo na fedha anayetafuta ufadhili, mimi naona alama nzuri ni shahidi asiyehitaji kujuana na mtu.

Majaribio kamili hutolewa bure katika programu hiyo hiyo, Bluebook. Nilimwambia mpwa wangu, kabla ya kukokotoa, aandike pembeni kitu kinachoulizwa. Jumamosi alirudia. Alama zilipanda, ingawa maswali mawili aliyaacha wazi, ati hakuwa na hakika. Dada yangu keshalipa ada ya mtihani wenyewe, kwa dola, na zimebaki wiki tano.