Umbali wa hospitali huhesabiwa kwa saa

Tarehe 11 Septemba 1942, nyambizi ya Marekani iitwayo Seadragon ikiwa chini ya maji katika Bahari ya China Kusini, baharia wa miaka 19 alipasuliwa tumbo na mtu ambaye hakuwa daktari. Wheeler Lipes alikuwa mhudumu wa dawa. Aliwahi kuwasaidia madaktari katika chumba cha upasuaji, basi. Kidole tumbo cha mgonjwa kilikuwa kimevimba, na pande zote ni maji ya adui. Vijiko vya jikoni vilikunjwa ili kushikilia jeraha wazi, alkoholi ya kuendeshea torpedo ikaua vijidudu, na chujio la chai lililofunikwa shashi likawa barakoa ya kumvutisha etha. Mgonjwa alipona, akarudi kazini.

Watu hukipenda kisa hiki kwa sababu ya vile vijiko. Lakini jeshi lenyewe halikutaka kirudiwe. Siku hizi baharia wa nyambizi hukaguliwa afya kabla ya safari, na akishikwa na kidole tumbo huanzishiwa antibiotiki ya mshipani wakati mipango ya kumtoa ikifanywa. Kisu ni njia ya mwisho.

Nawaandikia haya watu wa Chepilat, ingawa bahari iko mbali nasi. Soko letu liko kwenye lami ya Sotik kwenda Keroka, mpakani mwa Bomet na Nyamira. Kaplong kuna hospitali ya misheni, Tenwek ipo, Kisii ipo. Ila mchukue mama aliyejifungulia nyumbani usiku wa manane mwezi wa Aprili, nyumba iko bondeni nyuma ya mashamba ya chai, mvua imenyesha mchana kutwa na boda boda hazipandi mlima. Damu inamtoka. Mama huyo yuko mbali na daktari sawasawa na yule baharia. Hata lami yenyewe si ya kutegemewa siku zote. Mapema mwaka 2008 ghasia za baada ya uchaguzi zilikata mawasiliano katika mpaka huu, na mwaka 2020 kafyu ya korona iliwafanya watu waogope kutoka usiku hata kwa mgonjwa.

Nimechagua mfano wa mama kwa sababu hapa saa ni chache sana. Mwishoni mwa ujauzito, mfuko wa uzazi hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Kondo la nyuma likishatoka, misuli ya mfuko hujikaza na kubana mishipa iliyobaki wazi. Isipojikaza, mama mwenye afya njema anaweza kufa ndani ya saa mbili hivi. Damu ikizidi nusu lita baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, hiyo ni hatari. Tatizo ni kwamba leso na godoro hunywa damu, na jicho hudanganyika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliwapa wakunga karatasi ya plastiki yenye alama za kupimia damu inayotoka, pamoja na matibabu yanayoanza yote kwa mara moja. Visa vya kutokwa na damu kupita kiasi vilipungua kwa asilimia 60.

Nyumbani hakuna plastiki hiyo, lakini mikono ipo. Kondo likiwa limetoka, weka kiganja juu ya tumbo, karibu na kitovu, utafute mfuko wa uzazi. Ukiwa laini, usugue kwa nguvu kwa kuzungusha mpaka uusikie umekuwa mgumu, kisha uendelee kuuangalia njia nzima. Mama akojoe, kwa maana kibofu kilichojaa huzuia mfuko kujikaza. Mtoto awekwe titini: kunyonya huamsha homoni ileile tunayoidunga hospitalini, oksitosini. Mlaze mama, mfunike apate joto. Haya yote yafanyike mkiwa tayari mnaondoka. Hospitalini kuna dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, asidi ya traneksamiki, inayofaa ikitolewa ndani ya saa tatu, na kila robo saa inayopotea hupunguza nguvu yake.

Kinachoniumiza zaidi ni zile saa zinazopotea kabla ya safari kuanza, watu wakimngoja baba atoke kazini au mama mkwe aseme neno. Uamuzi huo ufanywe mapema, kliniki ya wajawazito ikiendelea: nani ana gari, nani atabaki na watoto, na kwamba mama mwenyewe ana ruhusa ya kusema "twende" bila kuuliza mtu. Mhudumu wa afya wa kijiji anafaa kuwepo katika mazungumzo hayo.

Ukipiga simu hospitalini, taja kwanza saa aliyojifungua, kama kondo limetoka, nguo ngapi zimelowa, na kama anajibu akiitwa. Kwa dereva asiyewajua, jina la kijiji halitoshi. Mtajie kituo cha kupimia majani chai kilicho karibu na mtume mtu amngoje hapo. Chukueni kitabu cha kliniki, maana kundi la damu limeandikwa humo, na ndugu wawili wanaoweza kutoa damu wapande gari hilohilo.