Taashira ya Mlima: Nani Anatazama, Akiwa Wapi?

Wanafunzi wengi wakiulizwa kueleza taashira ya mlima huandika, "Mlima unaashiria ukuu," kisha wakaenda swali lingine. Jibu hilo si kosa, ila halijakamilika. Mandhari hayana maana moja tu. Maana yake hutegemea anayeyatazama na mahali aliposimama.

Wachoraji wa Ulimbwende barani Ulaya walilijua hili. Mnamo mwaka wa 1818 hivi, Mjerumani Caspar David Friedrich alichora mtu aliyesimama juu ya mwamba, ametupa kisogo. Mbele yake pana bahari ya ukungu na vilele vya milima. Kwa kuwa hatuuoni uso wake, tunalazimika kutazama pamoja naye. Ukungu unaashiria yale ambayo binadamu hawezi kuyafahamu yote.

Sasa tuje nyumbani. Ukiwa Nyeri asubuhi, kabla mawingu hayajatanda, utauona Mlima Kenya. Wazee wa Kikuyu walisali wakiuelekea Kirinyaga kwa sababu ulikuwa makao ya Ngai. Kwao uliashiria utakatifu. Mwaka wa 1943, Felice Benuzzi, mfungwa wa vita kutoka Italia, aliutazama mlima uo huo akiwa ndani ya seng'enge za kambi ya Nanyuki. Kwake uliashiria uhuru. Alitoroka na wenzake wawili, akapandisha bendera ya nchi yake kwenye kilele cha Lenana, kisha wakarejea kambini wenyewe. Katika miaka ya 1950, wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika misitu yake. Kwao mlima ulikuwa ngome. Mlima ni mmoja, taashira ni tatu.

Unapojibu swali la taashira, zingatia hatua hizi:

1. Taja kipengele cha mazingira: mlima, mto, mvua, giza au jua.
2. Mtaje mhusika anayekitazama na hali aliyomo.
3. Eleza maana ya kipengele hicho kwake.
4. Thibitisha kwa tukio kutoka kitabuni.

Chukua anwani *Mapambazuko ya Machweo*. Machweo kwa kawaida huashiria mwisho, nayo mapambazuko mwanzo. Hapa yamewekwa pamoja. Usikimbilie kuandika "matumaini". Jiulize kwanza: ni mhusika yupi anayetwewa na jua, na ni yupi anayepambazukiwa? Hapo ndipo jibu lako linapoanza.