Mchezo wa Shibuya: Fadhila na Kasoro Zake

Miongoni mwa michezo ya video ya Kijapani ambayo mchezaji hushika nafasi ya mhusika na kumwongoza katika kisa kirefu, ni michache iliyothubutu kama The World Ends with You, uliotolewa na kampuni ya Square Enix mwaka 2007 kwa mashine ya mkononi ya Nintendo DS, yenye vioo viwili.

Kisa chake hakimo katika ngome za kale, bali katika mitaa ya Shibuya, jijini Tokyo, ambako kijana Neku, mwenye kuziba masikio kwa vipokea sauti ili asisikie ya walimwengu, hulazimishwa kushindana siku saba pamoja na mwenziwe, na atakayeshindwa hufutwa.

Fadhila yake kubwa ni vita. Katika kioo cha chini Neku hupigana kwa nguvu za beji, mchezaji akichora mstari kwa kalamu ili kukata, au akigusa ili kurusha risasi; katika kioo cha juu mwenziwe hupigana kwa vitufe, ilhali uhai wao ni mmoja. Aidha, apendaye aweza kupunguza daraja lake kwa hiari ili azidishe bahati ya kupata ngawira.

Kasoro nazo hazifichiki: njia mbili zilimshinda fisi, na vioo viwili huwashinda wengi, tena beji zenye ishara zinazofanana hugombania amri, ikafyatuka isiyokusudiwa.

Mwenye subira na aucheze, maana taabu ya mwanzo ina malipo. Mwenye pupa na atafute mwingine.