Mizani Isiyohesabu Silabi

Ushairi wa kale wa Wagiriki na Warumi haukupimwa kwa idadi ya silabi, kama upimwavyo mshororo wa shairi la Kiswahili wenye mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, bali ulipimwa kwa muda ambao sauti ilichukua kutamkwa. Silabi ilihesabiwa kuwa ndefu ikiwa irabu yake ni ndefu, au ikiwa irabu hiyo inafuatwa na konsonanti mbili, na ndefu moja ikalingana na fupi mbili.

Silabi hizo zilifungwa katika vipande vidogo vinavyojirudia, vilivyoitwa miguu. Na kwa kuwa Wagiriki walizitaja sehemu mbili za kila kipande kuwa ni kuinua na kushusha, ni rahisi kumwona nyuma ya jina hilo mtu anayekanyaga chini kwa kufuata mapigo. Mguu uitwao daktili, neno lenye maana ya kidole, una silabi moja ndefu na mbili fupi, mfano wa pingili za kidole, ilhali spondeo una ndefu mbili, hivyo yote miwili ni sawa kwa muda.

Usawa huo ndio uhai wa heksameta, mshororo wa miguu sita uliobeba tenzi za Homer na ambao Ennius (239–169 KK) aliuingiza katika Kilatini. Miguu minne ya kwanza yaweza kuwa daktili au spondeo, wa tano kwa kawaida ni daktili, na wa sita huwa na silabi mbili tu, kiasi kwamba mshororo mmoja waweza kuwa na silabi 13 na mwenzake 17, jambo ambalo malenga wa Kiswahili angeliita guni bila kusita. Virgil alijua kuutumia uhuru huo: katika kitabu cha nane cha Aeneid, majitu yanayoinua nyundo yamepewa silabi 13 nzito, na farasi wanaokwenda mbio wakapewa zote 17.

Tofauti ya urefu wa irabu ilipofifia katika Kilatini cha baadaye, watunzi wa nyimbo za kanisa walianza kuhesabu silabi, kisha wakatia na vina.