Je, springi za kiwandani zatosha kwa gari lako kubwa?

Ikiwa wewe ni miongoni mwa wale waliojinyima miaka na mikaka hadi wakaweza kununua lile gari kubwa linaloendeshwa na magurudumu yote manne, bila shaka umewahi kuambiwa na mtu, aghalabu mtu ambaye hana gari kama hilo, kwamba springi ambazo gari lilikuja nazo si kitu. "Hizo ni za barabara za Wajapani," utaambiwa. "Zing'oe, utie za Australia, uliinue gari inchi mbili, ndipo utajua una gari."

Jirani yangu mmoja aliambiwa hivyo mwezi wa Novemba, alipokuwa akijitayarisha kwenda nyumbani Busia kwa Krismasi pamoja na mkewe, watoto watatu, shemeji yake na mama yake mzazi. Prado yake ilikuwa imeanza kunesanesa. Akipita tuta, nyuma ya gari iliruka mara tatu nne kabla ya kutulia. Akifunga breki ghafla, pua iliinama kama ng'ombe anayetaka kunywa maji. Alikwenda kwenye duka moja la vipuri akaandikiwa bei ya springi mpya na shoki mpya za kuinua gari, na alipoitazama karatasi ile aliona ni karo ya muhula mzima ya watoto wawili. Hata hivyo, alikuwa tayari kulipa, kwa kuwa alikuwa akifikiria ile teremko ya Mai Mahiu akiwa na mama yake ndani ya gari.

Kabla ya kulipa alinishika mkono tukaenda kwa makanika mmoja mzee. Mzee huyo hakuuliza mengi. Alilala chini ya gari na tochi yake, na baada ya dakika kumi hivi akatoka akipangusa mikono.

"Bwana mkubwa, springi zako hazina kosa," akasema. "Shoki za nyuma ndizo zilizokufa. Bushi nazo zimepasuka. Na ni nani aliyekujazia upepo namna hii katika magurudumu?"

Hebu basi tuyatazame maneno ya mzee huyu, maana ndani yake mna jibu la swali letu.

Wengi wetu tunaposema saspensheni huwa tunachanganya vitu vitatu. Kuna springi, ambazo kazi yake ni kubeba uzito wa gari. Kuna shoki, vile vyuma vya mviringo vyenye mafuta ndani, ambavyo kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya kugonga shimo. Halafu kuna bushi na viungo vingine vyenye mpira, ambavyo hushikilia vyuma mahali pake. Springi nzuri ya chuma yaweza kudumu miaka mingi sana. Lakini shoki huchoka, na wako watengenezaji wanaoshauri zibadilishwe zikikaribia kilomita 80,000. Mpira nao hukauka na kupasuka hata gari likiwa limeegeshwa tu.

Sasa kumbuka kwamba sheria za Kenya zinaruhusu gari kuukuu kuletwa nchini almuradi halijapita miaka 8 tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba gari unalolichukua Mombasa likiwa "jipya" kwako, mipira yake huenda ina umri wa mtoto wa darasa la pili, na shoki zake zimekwisha kufanya kazi ya maisha yake. Ukilipeleka moja kwa moja kwenye barabara ya mawe, kisha ulalamike kwamba saspensheni ya kiwandani haifai, unailaumu saspensheni ambayo hujawahi kuionja. Uliyoionja wewe ni mabaki yake.

Maoni yangu, kwa hivyo, ni haya: kwa mwenye gari anayekaa mjini, anayepeleka watoto shule, anayekwenda mashambani mara tatu nne kwa mwaka na pengine kuingia mbugani wakati wa likizo, saspensheni ya kiwandani yatosha kabisa, mradi iwe nzima. Wahandisi waliotengeneza magari haya si watoto. Land Cruiser za mfululizo wa 80, zilizoundwa kuanzia mwaka wa 1990, zilikuwa na springi za mzunguko mbele na nyuma, na ziko hadi leo zinazotambaa huko Samburu na Turkana. Ile Land Cruiser ngumu ya mfululizo wa 70, ambayo polisi na mashirika ya misaada huipenda, ilitumia springi za mabamba yaliyolaliana mbele na nyuma hadi mwaka wa 1999, ndipo mbele pakawekwa za mzunguko. Nyuma wameyaacha mabamba, kwa sababu gari lile limeumbwa kubeba mizigo. Prado, kwa upande wake, iliumbwa kubeba jamaa. Hilo ndilo jambo ambalo watu hulisahau.

UZITO WA MJAPANI

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawakuelezi. Katika karatasi za usajili za Japani, uzito wote wa gari la abiria hupatikana kwa kuchukua uzito wa gari lenyewe na kuongeza kilo 55 kwa kila kiti. Naam, kilo 55. Gari la watu 7 basi limehesabiwa kubeba kilo 385, na mizigo haimo katika hesabu hiyo.

Chukua kalamu tuhesabu jamaa wa jirani yangu. Watu wazima 4, tuseme kilo 75 kila mmoja, ni kilo 300. Watoto 3 wa kilo 35 ni 105. Tayari tumefika 405. Ongeza kichanja cha juu ya paa, kilo 30, na mabegi, kilo 80. Hiyo ni safari ya kwenda. Safari ya kurudi, kama ujuavyo, ndiyo nzito, kwani hakuna mzazi wa mashambani atakayekuacha uondoke mikono mitupu. Magunia mawili ya mahindi ya kilo 90 kila moja ni kilo 180. Jumla sasa ni kilo 695, na bado sijataja ndizi, kuku na debe la karanga.

Simaanishi kwamba gari litakatika vipande viwili. Springi hupewa akiba ya nguvu, na kitabu cha gari lako, au kibati kilicho mlangoni, huenda kikakuruhusu zaidi ya ile karatasi ya Japani. Lakini hakuna springi ya kiwandani iliyotengenezwa kwa ajili ya jamaa saba wanene na magunia ya mahindi kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Nyuma ya gari italala, mbele itainuka, usukani utakuwa mwepesi mno na taa zako usiku zitawapiga macho madereva wanaokuja. Mzigo uliowekwa juu ya paa ni mbaya zaidi, kwa kuwa unalivuta gari upande kila unapopiga kona. Soma kitabu cha gari uone kikomo cha paa. Kwa kawaida ni kidogo kuliko unavyodhani.

NANI BASI ABADILISHE?

Wapo wanaohitaji kubadilisha, na hao sitawazuia. Wa kwanza ni yule ambaye mzigo wake haushuki: aliyefunga bampa ya chuma, winchi, tangi la pili la mafuta, hema la juu ya paa. Mizigo ya namna hiyo yaweza kufika kilo 200 au zaidi, na springi za kiwandani zitakaa zimekandamizwa mchana na usiku. Wa pili ni yule anayeishi kwenye barabara zile zenye mawimbi kama mabati ya nyumba. Wasafiri wa zamani wanaikumbuka barabara ya Isiolo hadi Moyale kabla haijawekwa lami katika miaka ya 2010. Katika mawimbi kama hayo shoki hufanya kazi bila kupumzika hata sekunde moja, mafuta ndani yake yanapata moto na kutoa povu, na baada ya saa moja ni kama hazipo. Shoki kubwa zenye gesi hustahimili zaidi. Ukielekea Loiyangalani kila mwezi, nunua.

Lakini nunua kwa hesabu. Springi huuzwa kulingana na mzigo. Ukitia springi za kubeba kilo 400 zaidi, kisha uendeshe gari tupu kwenda kanisani, utarushwa hadi kichwa kiguse dari. Nimewahi kupanda gari kama hilo kutoka Nairobi hadi Nakuru na sikutaka kurudi nalo.

Ama kuhusu kuliinua gari inchi mbili, fikiri mara mbili. Gari lililoinuliwa lina kitovu cha uzito kilicho juu zaidi, hivyo ni rahisi zaidi kupinduka dereva akikwepa mbuzi. Mbele, vile viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu hukaa kwa pembe kali na kuisha mapema. Magurudumu lazima yapimwe na kunyooshwa upya, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja. Taa nazo sharti zirekebishwe. Tena mwambie mwenye bima yako kabla, si baada ya ajali. Baadhi ya Prado na Land Cruiser zina mtambo wa KDSS unaotumia mafuta ya presha kuzuia gari lisilale konani, na hizo hazifai kuinuliwa na mtu wa kubahatisha.

Neno moja kwa wenye saspensheni za upepo. Prado za daraja ya juu, kama zile za TZ-G, huja na mipira ya upepo nyuma badala ya springi za chuma. Ni raha kama kitanda zikiwa nzima. Ukiona asubuhi gari limechuchumaa nyuma, mpira unavuja, na ukiendelea hivyo hivyo pampu nayo itaungua kwa kufanya kazi kupita kiasi. Wengi nchini huitoa na kutia springi za chuma. Siwalaumu, ila wahakikishe fundi ameuzima mtambo ule vizuri, badala ya kukata waya tu na kuacha taa ya onyo ikiwaka. Wenye Subaru Forester zenye shoki za nyuma zinazojisawazisha wana hadithi inayofanana na hiyo: gari likilala kitako, kosa ni la shoki, maana hapo shoki husaidia kubeba uzito, na ukibadilisha kwa za kawaida lazima ubadilishe na springi zake.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanya haya. Tazama kama shoki zimelowa mafuta. Pitisha kiganja juu ya tairi: ikiwa ina mabonde mabonde, gurudumu limekuwa likirukaruka barabarani. Pima upepo asubuhi gari likiwa baridi, ulinganishe na kibandiko cha mlangoni, maana vijana wa vituo vya petroli hujaza watakavyo, na tairi lililojaa kama ngoma litaifanya saspensheni yoyote ionekane mbovu. Mtie makanika chini ya gari azitikise bushi moja moja kwa mtaimbo. Na ukinunua shoki, nunua mbili za ekseli moja kwa pamoja, tena kwa mwenye duka anayekubali kukupa risiti na dhamana, kwani bidhaa bandia zimejaa na boksi zuri si ushahidi.

Jirani yangu alinunua shoki nne za aina ile ile iliyotoka kiwandani, akabadilisha bushi za nyuma na kupunguza upepo. Alilipa chini ya theluthi ya ile bei aliyoandikiwa dukani. Mama yake, ambaye magoti humsumbua, alipanda gari bila kutafutiwa kiti cha kukanyagia, jambo ambalo lingemshinda kama gari lingeinuliwa inchi mbili zaidi. Baada ya kilomita 1,000 alirudi kwa yule mzee, nati zikakazwa tena.

Magunia ya mahindi aliyatuma kwa basi.