Nyuklia: Programu ya usalama inajuaje nyumba yako ilipo Munuki?

Sudan Kusini haina kinu cha nyuklia. Hata hivyo, jirani yake Uganda imetangaza mpango wa kujenga kinu cha kuzalisha umeme wilayani Buyende, karibu na Ziwa Kyoga, na maji ya ziwa hilo hufuata Mto Nile hadi Juba. Mkazi wa mtaa wa Munuki ana haki ya kuuliza: ajali ikitokea, mimi niko umbali gani?

Zipo programu za kompyuta zinazojibu swali hilo. Jibu lake, hata hivyo, haliwezi kuwa sahihi kuliko mahali ulipoliambia kuwa unaishi.

Programu hizi hufanya nini?

JRODOS, iliyotengenezwa Karlsruhe nchini Ujerumani, na HotSpot ya maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani, ni miongoni mwa zinazotumiwa na wataalamu. Hupokea kiasi cha mionzi kilichovuja, mwelekeo wa upepo na hali ya hewa, kisha hukadiria mionzi itakayofika mahali fulani. Mahali hapo panaweza kuwa nyumba, shule, zahanati au kisima.

Katika nchi nyingi za Ulaya mtu huandika jina la barabara na namba ya nyumba. Munuki, nyumba nyingi huelekezwa kwa kanisa, msikiti, duka au kituo cha bodaboda. Kompyuta haielewi "nyuma ya msikiti". Inachoelewa ni namba mbili: latitudo, yaani umbali kutoka ikweta, na longitudo, yaani umbali wa mashariki au magharibi kutoka mstari wa Greenwich.

Makosa matatu ya kawaida

Tuseme nyumba yako iko latitudo 4.85 Kaskazini na longitudo 31.57 Mashariki.

Kosa la kwanza ni kubadilisha mpangilio. Ukiandika 31.57 kwanza, programu itakuhamishia katika jangwa la Sahara nchini Algeria. Baadhi ya programu hutanguliza longitudo, hivyo soma kwanza kila kisanduku kinadai nini.

La pili ni alama ya kutoa, ambayo kwenye latitudo humaanisha kusini mwa ikweta. Ukiandika -4.85, nyumba yako itaonekana upande wa Kaliua, mkoani Tabora, nchini Tanzania.

La tatu ni gumu zaidi kuligundua, kwa kuwa halikupeleki mbali. Ramani nyingine huandika digrii 4 na dakika 51. Dakika ni 60 katika digrii moja, kwa hiyo 51 ni sawa na 0.85. Anayeandika 4.51 amejisogeza takriban kilomita 38 kusini, na ramani haitamshtua.

Njia rahisi ya kujikagua ni kupima umbali unaoujua. Kutoka Juba hadi Nimule, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 150. Programu ikikupa maelfu, rudi kwenye namba zako.

Kumbuka pia kwamba "upepo wa kaskazini" ni ule unaotoka kaskazini kwenda kusini. Anayedhani kinyume chake ataikimbia hatari kwa kuielekea.

Umbali una maana gani?

Kwa vinu vikubwa, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, linapendekeza watu walio ndani ya kilomita 3 hadi 5 walindwe mara moja, hata kabla mionzi haijavuja. Eneo la pili, la hatua za haraka, hufika kilomita 15 hadi 30. Tahadhari kuhusu vyakula na bidhaa hupangwa hadi kilomita 300.

Kutoka Buyende hadi Juba ni takriban kilomita 450. Mkazi wa Munuki, basi, yuko nje ya maeneo hayo yote. Lakini hesabu ya upepo si hesabu ya mto. Familia nyingi za Juba hununua maji ya magari yanayoyachota Nile. Kwa hiyo mahali pa pili pa kuhifadhi, baada ya nyumbani, ni pale maji yako yanapochotwa.

Je, lazima utaje mlango wako?

Hapana. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Tarakimu mbili baada ya nukta hukuweka ndani ya takriban kilomita moja, tatu ndani ya mita 110, na nne ndani ya mita 11. Kwa kinu kilicho mamia ya kilomita, tarakimu mbili zinatosha.

Hilo lina uzito katika mji ulioshuhudia mapigano ya Desemba 2013 na Julai 2016. Orodha ya mahali mtu anapolala, watoto wanaposoma na anapofanyia kazi si kitu cha kuachwa ovyo ndani ya simu au kumkabidhi usiyemjua. Waweza kuhifadhi soko au shule iliyo jirani badala ya mlango wako, na hesabu isibadilike.

Namba za mahali hupatikana kwa simu yenye GPS, hata bila intaneti. Simama uwanjani, mbali na paa la bati, usubiri zitulie. Kisha ziandike kwenye karatasi pia, kwa maana siku ya dharura huenda betri ikawa imekwisha.