Kiwiliwili Kisicho na Kichwa: Je, Ni Kamili?

Sisi walimu wa lugha tumezoea kueleza neno "kamili" kwa kutumia "-zima", na "-zima" kwa kutumia "kamili". Historia ya uchongaji inatuonyesha kuwa maneno haya hayalingani.

Katika Makumbusho ya Vatikani kuna kiwiliwili cha marumaru kiitwacho Torso ya Belvedere. Mchongaji wake, Apollonius wa Athens, ameandika jina lake kwenye jiwe. Hakina kichwa, mikono, wala miguu chini ya magoti. Hata hivyo, Michelangelo alikistahi sana, na mpindo wa misuli yake unaonekana katika miili aliyoichora kwenye dari ya Kikanisa cha Sistina kati ya mwaka 1508 na 1512.

Zama hizo, sanamu iliyovunjika kwa kawaida ilihesabiwa kuwa na kasoro ya kurekebishwa. Sanamu ya Laocoön ilifukuliwa Roma mwaka 1506 bila mkono wa kulia, ikatiwa mkono mpya ulionyooshwa juu. Mwaka 1906 Ludwig Pollak aliugundua mkono wa asili: kumbe ulikuwa umekunjwa kuelekea nyuma ya kichwa! Ulirudishwa mahali pake mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo, waliojazia pengo waliibadilisha sanamu yenyewe.

Mawazo yalibadilika polepole. Mwaka 1803 Antonio Canova aliombwa arekebishe sanamu za Parthenon, akakataa. Baadaye Auguste Rodin, aliyekusanya vipande vingi vya kale, alipiga hatua zaidi. Mwaka 1907 alionyesha Paris sanamu ya "Mtu Atembeaye", isiyo na kichwa wala mikono. Haikuvunjika, ndivyo alivyoitaka. Alichotaka kuonyesha ni mwendo, na kwa mwendo huo kiwiliwili na miguu vilitosha.

Hapa ndipo maneno yetu yanapoachana. Kitu kizima hakijavunjika wala kumeguka. Kitu kamili hakikosi kinachohitajika. Ndiyo maana twasema "siku nzima" lakini "saa sita kamili". Torso si nzima, ila "Mtu Atembeaye" ni kamili.

Tunawashauri wanafunzi wanaosoma miswada ya tenzi iliyoliwa na mchwa waukumbuke mkono wa Laocoön. Pengo likionyeshwa wazi, msomaji hupotoshwa kidogo kuliko likijazwa kwa ubeti wa kubuni.